Walikata Vicheko

Sauti yangu ndiyo iliyotangulia kufika. Nilikuwa jikoni nachambua choroko, jua la saa nane mchana linawaka mlangoni, nikasikia mwanamke anasema huko nje: "Nimemla mimi! Na bado. Watoto wenu nitawala mmoja mmoja." Nikainua kichwa. Nilimjua yule mwanamke. Alikuwa mimi.

Nikatoka na ungo mkononi. Uwanja wangu ulijaa watu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mke, niliyempikia uji siku mama yake alipolazwa, alikuwa ameinua simu juu kama anayetafuta mtandao. Akaibonyeza tena. Nikasema tena, kutoka mkononi mwake: nimemla mimi.

"Huyu ni wewe au siyo wewe?"

"Ni mimi," nikajibu, "lakini..."

Hiyo lakini sikuimaliza. Jiwe lilinipata sikio la kushoto. Ungo ukaanguka, choroko zikamwagika, na binadamu ni kiumbe wa ajabu, maana niliinama kuziokota. Nimeinama hivyo, wakaanza na marungu. Nilikinga kwa mkono wa kushoto mpaka mkono ukakataa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amesimama karibu na banda la kuku, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua kazi ya fundi. Nikamwita: "Shemeji! Waambie! Si ulikuwepo wewe?" Akageuza uso akaangalia mihogo yangu. Nyuma yake mwenyekiti wa kijiji alikuwa juu ya pikipiki, hajaizima, mguu mmoja chini. Kisha nikasikia mabati yanalia. Bati likishika moto hulia, hilo sikuwa nalijua.

Aliyenitoa pale ni jirani yangu, mama mmoja mnene, aliyejilaza juu yangu mzima mzima akapiga kelele, "Haya, pigeni na mimi! Mnaogopa nini, mimi si nimekula naye?" Alinipakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yangu kunishikilia, tukaenda hivyo mpaka hospitali Handeni, damu yangu ikimkaukia kifuani. Namtaja wa kwanza kwa sababu ndiye peke yake ninayemtaja kwa wema.

Wengine nawataja kwa waliyoyafanya. Majina sitaandika, na siyo kwa hofu. Kijijini kwetu Mazingara ukisema "shemeji yake" na "mwenyekiti", hakuna atakayekuuliza yupi. Wa tatu ni msaidizi, mtu wa Handeni mjini. Wa nne, ambaye kwangu ndiye wa kwanza, ni bosi wake, yule tuliyemwita Daktari.

Sasa nirudi nyuma, maana mtu akianzia kwenye jiwe ataniona mchawi kweli.

Babu yangu alitoka Unyamwezi akaja Korogwe kukata mkonge. Baba alizaliwa kwenye nyumba za kambi, na mimi nikazaliwa Masuguru. Tabora sijafika hata kwa ndoto. Kinyamwezi najua matusi na kuhesabu mpaka tano. Lakini nilipoolewa na Mzigua nikaenda kukaa Mazingara, siku ya kwanza tu mzee mmoja alinipokonya kanga niliyopewa harusini akajifunga kichwani. "Mnyamwezi kaja kwa miguu yake," akasema, "safari hii hatumuachi apite na mizigo." Nikamwambia kanga inampendeza kuliko mke wake. Ukumbi mzima ukacheka, nami nikajua nimefika nyumbani.

Huo ndio utani. Kwa asiyeujua: Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani ana ruhusa. Atachukua kuku wako unamwona, atamtukana baba yako mbele ya wakwe zako, na huna pa kumshtaki. Siku ya msiba ndiyo siku yake ya kazi. Wengine wanapolia, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anawatukana wafiwa, anajigamba kwamba ndiye aliyemuua. Wafiwa wanamjibu. Na katika kujibu huko mtu aliyeganda anayeyuka. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, tangu ningali msichana. Aliniambia, "Usimhangaikie anayegaragara chini, huyo anajitibu mwenyewe. Mtafute yule mwenye macho makavu."

Mume wangu alipofariki, mimi nilikuwa mwenye macho makavu. Mtani wa ukoo wa mume wangu, mzee wa Kinyamwezi wa Mkata, alikuja akalala kitandani kwangu na viatu vyake, akaniambia sasa yeye ndiye mume na anataka kuku. Nikamfukuza kwa mwiko, nikacheka, na kilio kikatoka. Mungu hakunipa mtoto. Mume aliniachia nyumba ya bati na shamba la bondeni linaloshika maji hata vuli ikikataa. Na aliniachia shemeji.

Daktari alikuja mwaka ambao vuli ilikataa. Gari jeupe, adabu nyingi. Mweusi mwenzetu, niseme kabisa, siyo Mzungu. Wazee aliwapa shikamoo na mkono kwa mikono miwili. Mwenyekiti akamtambulisha mkutanoni: "Huyu ni daktari." Bibi mmoja akanyoosha mguu wake wenye kidonda.

"Siyo wa vidonda, bibi," mwenyekiti akasema. "Huyu anashughulika na akili."

"Ya nani? Ya kwako imeshindikana?"

Hata Daktari alicheka. Akaeleza kwamba huko chuoni kwao wanasoma jinsi mila zinavyofinyanga akili ya mtu: kwa nini mtu wa hapa akiona jambo analiwaza hivi na anatenda hivi, na mtu wa mahali pengine anawaza vile. Nilimpenda kwa hilo. Niliishia darasa la nne, na sikuwahi kusikia kwamba mtu anaweza kutoka mjini akaja kusoma kilichomo kichwani mwangu mimi.

Alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha picha tatu: jembe, muhindi, ngedere. "Mama, vipi viwili vinakwenda pamoja?"

"Ngedere na muhindi."

"Kwa nini siyo jembe na muhindi?"

"Mwaka huu aliyevuna ni ngedere."

Akamgeukia msaidizi wake. "Unaona? Hapa mtu hapangi vitu, anapanga visa." Msaidizi akaandika. Sikuelewa, lakini nilirudi nyumbani natabasamu kama niliyefaulu mtihani.

Haukupita muda, akafariki yule mzee aliyenipokonya kanga. Mzee mpenda ugoro, mwenye koti la sufu ambalo hakulivua hata kiangazi. Nilipofika msibani mjane wake alikuwa mkekani, ameketi wima, macho makavu kama changarawe. Wanawake walimzunguka wakilia kwa niaba yake. Nikaingia chumbani, nikalichukua koti na kofia na fimbo, nikatoka nikikohoa kikohozi chake.

"Nani analia humu? Mnanililia mimi? Ugoro wangu kauficha nani?"

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Nikaenda mpaka mbele ya mjane, nikamgonga goti kwa fimbo. "Na wewe umekaa kama sufuria. Chai yangu iko wapi?"

Akaniangalia muda. Kisha akasema polepole, "Mtani. Mume wangu umemuua, na koti lake unavaa?"

"Nimemla mimi! Na bado. Watoto wenu nitawala mmoja mmoja. Huyu mzee wenu mgumu, nimemchemsha tangu jana hajaiva, bora hao laini!"

Hapo shemeji yangu akapaza sauti kutoka upande wa wanaume: "Mtani, ukifika kwangu anza na yule wangu wa mwisho, anatumalizia ugali! Na mifupa utuachie tutengeneze mchuzi!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mjane naye akacheka, bega likamtikisika, kisha kicheko kikavunjika katikati kikawa kilio, akaniangukia mimi na lile koti akalinusa, akalia mpaka sauti ikakauka. Shehe alisubiri nje mpaka alipomaliza. Jeneza likatolewa. Sisi wanawake makaburini hatuendi, kwa hiyo kazi yangu ilikwisha mlangoni, nikavua koti.

Kwenye kona, karibu na mitungi, msaidizi alikuwa ameshika kidude cha kurekodia. Mwenyekiti ndiye aliyetoa ruhusa. Mfiwa hakuulizwa, mimi sikuulizwa. Jioni ile Daktari alinifuata: "Mama, ulipokuwa unasema vile ulihisi nini?"

"Njaa," nikamwambia. "Wali ulichelewa."

Akacheka akasema mimi ni hazina.

Aliyoyafanya na hazina yake niliyajua baadaye, tena kutoka kwa msaidizi mwenyewe. Wakiwa nyumba ya wageni Handeni walichukua ule msiba wakaukata. Waliondoa kikohozi, koti, mjane. Waliondoa mchemsho na ugumu wa mzee. Waliondoa sauti ya shemeji. Waliondoa vicheko. Wakabakiza maneno yangu matupu: nimemla mimi, na bado, watoto wenu nitawala mmoja mmoja. Kisha wakazunguka nacho kipande hicho vijiji vya jirani, na vijiji vya wahamiaji ambako vijana wao utani wanausikia redioni tu, wakawakalisha watu kwenye vigoda kama mimi, wakawachezea, wakauliza: Mtu huyu anasema nini? Ungemwogopa? Ungemwachia mtoto wako?

Ungemwachia mtoto wako! Swali la namna hiyo mtu halisahau. Unaliacha kwa mtu, unawasha gari unaondoka, lenyewe linabaki linafanya kazi.

Na mtu akisikia sauti bila uso, anaitengenezea uso. Hapa kwetu, sauti ya mwanamke anayesema amekula mtu, wala huna haja ya kufikiri sana, uso upo tayari. Mjane. Hana mtoto. Shamba lake limekubali mwaka ambao mashamba ya wenzake yamekauka. Daktari alisoma miaka yote hiyo jinsi mila inavyomfanya mtu awaze. Hilo hakulijua? Au alilijua, ndiyo maana akauliza?

Msaidizi alikuwa na kipande hicho kwenye simu yake. Watu wakakiomba, akawarushia. Ananiambia alirusha kwa sababu kilikuwa kinachekesha. Kilirudi Mazingara kabla ya masika.

Mimi nilianza kuona mambo bila kujua chanzo. Kisimani mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa ndoo. Karanga nilizowapa watoto nikazikuta zimetupwa njiani, hazijamenywa. Msiba ukatokea, nikaenda na kanga yangu kiunoni tayari kwa kazi, na mlangoni wakaniambia, "Leo pumzika, mtani." Neno pumzika sikulijua lina meno.

Halafu yule binti wa mwisho wa shemeji akashikwa na homa. Yule anayemaliza ugali. Huyu mtoto alikuwa akiamka anakuja kwangu kabla ya kunawa uso, anakaa mlangoni anasema, "Mama mkubwa, kuna kiporo?" Nilimwambia mama yake mpelekeni Handeni hospitali, mtoto kope zimekuwa nyeupe. Shemeji akasema mimi nisimfundishe kulea. Akampeleka kwanza kwa mganga, akarudi naye, akampeleka tena. Walipofika hospitali damu ilikuwa imekwisha mwilini. Alizikwa mimi nimefungiwa nje. Nilisimama njiani kama mpita njia. Hata kulia niliogopa, maana ningelia wangesema mchawi anajifanya, na nilipokaa kimya walisema mchawi hana machozi.

Siku ya pili yake walikuja na simu.

Nimewaza sana juu ya shemeji. Watu wa Masuguru wananiambia ni uchungu, mtu akifiwa na mtoto akili inahama. Nakubali, uchungu alikuwa nao. Lakini kumbukumbu haikumhama. Alijua yeye ndiye aliyesema anza na wangu wa mwisho. Labda hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba maneno yale yana watu wawili ndani yake, na simu imemtaja mmoja. Ingekuwa hivyo tu ningemhurumia. Ila masika ile ile alipanda mahindi kwenye shamba langu la bondeni, na mahindi hayapandwi na uchungu.

Mwenyekiti yeye alihojiwa na polisi akasema ni wananchi wenye hasira kali, hawajulikani. Hawajulikani! Wananchi wenyewe nimewafunga watoto wao kitovu. Alikuwa juu ya pikipiki, angeweza kusema neno moja: jamani, huu ni utani, hata mimi nilikuwepo nikacheka. Alikuwepo. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nakaa Masuguru kwa dada yangu. Nakaanga mihogo barabarani kwa mkono mmoja, wa kushoto hauvuki bega. Sikio la kushoto halisikii. Mteja akisimama upande huo ananiona nina kiburi.

Mwaka jana jirani yetu Mzigua alifiwa na mumewe, fundi baiskeli. Nikaenda, nikakaa nyuma kabisa. Yule mjane alikuwa na macho makavu. Niliyaona tangu mlangoni. Akaniona naye, akasema, "Mtani wangu, na wewe umekaa? Utaniacha hivi hivi?" Watu wakanigeukia, wengine wameanza kutabasamu wakisubiri. Kofia ya fundi ilikuwa imetundikwa msumarini, mkono wangu mzima ungeifikia. Nikaangalia mikono ya watu. Kila mmoja ana simu. Nikasema, "Pole, dada." Akaendelea kunitazama. Nikaondoka na kanga yangu, na yule mama nasikia mpaka arobaini ilipopita hakulia.

Ndipo nilipopanda basi kwenda Handeni kumtafuta msaidizi. Nilimkuta anakunywa chai kibandani karibu na stendi. Alinijua mara moja, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua msiba wangu."

"Msiba gani tena, mama?"

"Ule mzima. Kabla hamjaukata."

Akanivutia kiti. Akaniambia vicheko waliviondoa kwa sababu vinamwonyesha msikilizaji njia, nao walitaka mtu aamue mwenyewe. Akaniambia alisikia yaliyonipata, aliumia, alimpigia Daktari simu siku ile ile. Nikamuuliza Daktari alisema nini.

"Alisikitika sana. Ila alisema tushukuru, kwenye taarifa yetu jina lako halipo. Tulikulinda, mama."

"Jina langu?"

"Halipo kabisa. Umeandikwa tu mwanamke wa makamo."

"Mwanangu," nikamwambia, "Mazingara nani anayeniita kwa jina? Wananijua kwa sauti. Mmeficha jina mkatoa sauti. Ni sawa na kumfunika mtu uso na kumwacha uchi."

Akaangalia chai. Nikamwambia anipe hicho kilichorekodiwa, chote, sauti ya shemeji imo. Akasema kimekaa kwa Daktari, ni mali ya utafiti, hakiruhusiwi kutolewa, kuna utaratibu wa kulinda siri za watu.

"Kilichokatwa kilitoka," nikasema. "Kizima ndicho kina utaratibu?"

Alilipia chai, yake na yangu ambayo sikuwa nimeinywa, akaniambia atanipigia. Hajanipigia.

Kwa hiyo naandika. Mkono wa kulia ungali mzima, na darasa la nne linatosha kwa hili.

Shemeji, wewe unajua ulichosema upande wa wanaume. Nataka ukiseme tena, mbele ya mke wako. Mwenyekiti, vaa miwani yako, nenda polisi ukawaambie wananchi wenye hasira kali ni akina nani, uanze na aliyekuwa juu ya pikipiki.

Na wewe, Daktari. Sikudai pole. Nyumba ya bati naweza nisiijenge tena. Lakini kaburi la mume wangu liko Mazingara, na jirani yangu yule mnene yuko Mazingara, naye amezeeka, na siku akifa atataka mtani mlangoni kwake. Njoo na gari lako jeupe mchana, siku ya gulio, watu wakiwepo. Simama uwanjani kwangu penye majivu. Uwachezee ule msiba wote tangu kikohozi, usiruke kitu, mpaka wamsikie mjane anacheka na shemeji anaomba mifupa. Kisha uwaulize lile swali lako, kwa mdomo wako mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo: ungemwachia mtoto wako?

Wakimaliza kujibu wao, utajibu wewe. Nani alikwambia vicheko si sehemu ya maneno?